Haraka na Pole: Azima Mbili Zinapokutana Mezani

Lugha ya Kiswahili imejaa wasia juu ya mwendo, na wasia huo haukubaliani. Haraka haraka haina baraka, husema wazee. Kisha wazee hao hao husema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenda pole hajikwai, lakini chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hakuna anayedai kwamba methali hizi zitanguane, moja ifute nyingine na msikilizaji abaki mikono mitupu. Kila moja hungoja wakati wake, na hekima ya msemaji ni kujua ipi aitoe lini.

Mchezo hauna fursa hiyo. Mchezo hutaka hukumu, tena papo hapo, mbele ya watu wanaongoja. Katika michezo ya kuigiza ya mezani, iliyozaliwa Marekani katika miaka ya 1970, swali limekuwepo tangu kitabu cha kwanza: mtu akitiwa uchawi wa kumwongezea mwendo, na kabla haujamtoka adui akamtia uchawi wa kumpunguzia, anakuwa na hali gani? Je, anarudi alivyokuwa? Je, anabeba vyote viwili? Au mmoja unashinda? Majibu yamebadilika mara kadhaa katika muda wa miaka 50, na mabadiliko hayo yanaeleza jambo kubwa kuliko uchawi wa kubuni. Yanaeleza namna watu walioketi pamoja wanavyogawana wakati.

Mchezo wenyewe ni hadithi inayotungwa na watu kadhaa kwa kinywa. Kila mchezaji humsemea mhusika mmoja, awe askari, mwizi au mchawi. Mmoja wao, yaani msimamizi, huusimulia ulimwengu wote uliosalia na kutoa uamuzi. Na pale matokeo yanapokuwa na shaka, dadu hurushwa. Vita vikizuka, hadithi hukatwa vipande vidogo ili kila mtu apate zamu yake, kama wachezaji wa bao wanavyopokezana. Uchawi huja kwa matamko maalumu, kila tamko na nguvu yake na muda wake, na neno azima linatosha kuyaita hapa. Azima mbili za makala haya zina majina ambayo kwa Kiswahili huwa Haraka na Pole.

Kabla ya azima

Wazo la nguvu mbili zinazoshindania mwendo wa mtu ni la zamani kuliko mchezo huo. Mwaka 1901 mwandishi wa Uingereza H. G. Wells alichapisha hadithi fupi iitwayo The New Accelerator. Mtaalamu mmoja, Profesa Gibberne, anatengeneza dawa ya kumfanya mtu aishi kwa kasi isiyo ya kawaida, hata anayeinywa huwaona wenzake wamesimama kama masanamu. Wells alitambua mambo mawili ambayo watunga kanuni wangeyafikia miongo mingi baadaye. La kwanza ni gharama: msimulizi wa hadithi anawaza kwamba mtu atakayeinywa dawa hiyo mara kwa mara atazeeka kabla ya wakati, kwa kuwa mwili unaoishi kwa kasi huula umri wake kwa kasi. La pili ni mpinzani: hadithi inafungwa huku profesa akiitafuta dawa ya pili, ya kupunguza mwendo. Wells huyo huyo alitoa mwaka 1913 kitabu cha Little Wars, kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni. Na toleo la kitabu hicho la mwaka 2004 lilipata dibaji ya Gary Gygax, mmoja wa waasisi wa mchezo unaozungumzwa hapa.

Mzizi mwingine uko Prussia. Mwaka 1824 ofisa Georg von Reisswitz alilipatia jeshi la nchi hiyo mchezo wa vita wa ramani, ambamo kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika 2 za vita, na mwamuzi alikaa kati ya pande mbili. Kikosi hakikuruhusiwa kwenda mbali kuliko miguu ya watu au ya farasi ingekifikisha katika dakika hizo. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza kwamba kanuni nyingi ziachwe, na uamuzi ubaki kwa mwamuzi mjuzi. Tangu hapo michezo ya vita imesimama juu ya nguzo mbili, kitabu na mwamuzi. Penye maneno ya kitabu mwamuzi hunyamaza, na penye ukimya wa kitabu mwamuzi husema.

Sentensi moja ya mwaka 1974

Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin: vijitabu 3 ndani ya kisanduku, nakala 1,000 kwa mara ya kwanza. Watunzi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa watu wa askari wa kuchezea. Gygax na Jeff Perren walikuwa wamekwisha kutoa kanuni za vita vya zama za kati, ziitwazo Chainmail, mwaka 1971; na kijitabu kipya bado kilinukia meza ile ya vita. Masafa ya azima yalipimwa kwa inchi. Pole iliweza kuwapata viumbe hadi 24 kwa mkupuo mmoja. Haraka nayo ilielezwa kwa ufupi mno: ni kinyume cha Pole, na kila moja huitangua nyingine.

La ajabu ni kwamba kijitabu hakikufafanua Pole inapunguza nini hasa, wala kwa kiasi gani. Ugomvi wa ndugu wawili hawa ulitangazwa kabla sura zao hazijachorwa. Hata hivyo, kwa watu wa wakati ule maneno machache yalitosha, kwa kuwa walifikiri kwa vikosi. Askari 24 wakiongezewa mwendo, kisha wakapunguziwa, wanarudi kwenye mwendo wao wa desturi na vita vinaendelea. Askari wa risasi hana cha kupoteza isipokuwa inchi chache.

Lakini ufupi huo uliacha mlango wazi. Azima ya pili ikiitangua ya kwanza, je, hufa pamoja nayo, au huiua kisha ikabaki yenyewe juu ya mtu yule? Tofauti si ndogo. Kwa jibu la kwanza, mchawi anayemwokoa mwenzake aliyelemewa na Pole anamrudishia tu hali yake. Kwa jibu la pili, anamwokoa na kumpa mbawa. Hapa ndipo nguzo ya pili, yaani mwamuzi, ilipobeba mzigo wote, na meza moja haikulazimika kuhukumu kama meza ya jirani.

Kanuni nyepesi za mchezo huo zilizotolewa mwaka 1981 zilipita njia nyingine. Ndani yake hapakuwa na azima mbili tena, bali moja yenye nyuso mbili: mchawi aliijua Haraka, na kwa kuigeuza akapata Pole. Maadui walifanywa kuwa kitu kimoja kilichopinduliwa. Ni fikra nzuri kwa jicho la mshairi, kwani inasema kwamba anayejua kuharakisha anajua pia kukawilisha, na kwamba elimu ni ile ile, tofauti ni nia.

Bei ya mwaka mmoja

Mwaka 1978 Gygax alitoa kitabu kipya cha wachezaji, kipana na chenye maelezo mengi. Hapo Haraka ilipata mwili. Haikuwa tena azima ya kikosi cha watu 24, bali ya mtu mmoja kwa kila daraja la elimu ya mchawi. Aliyetiwa alikwenda mara mbili ya mwendo wake na kupiga mara mbili ya mapigo yake. Kutanguana kulibaki: Haraka iliifuta Pole, na Pole iliifuta Haraka. Lakini ndani ya maelezo kulikuwa na jambo jipya zito: kila aliyetiwa Haraka alizeeka, kwa sababu mwili wake ulikuwa umekimbizwa. Wasia wa msimulizi wa Wells uligeuzwa kanuni. Kitabu cha wasimamizi cha mwaka 1979 kiliipa kanuni hiyo tarakimu, mwaka mmoja, kikaiweka Haraka katika orodha ya mambo yanayomzeesha mtu kinyume cha maumbile, pamoja na dawa ya kunywa yenye nguvu kama hiyo.

Tena kulikuwa na hatari iliyojificha. Kanuni zilikuwa na kipimo cha mwili wa mtu kustahimili mshtuko wa uchawi, na kuzeeshwa kulitajwa miongoni mwa mishtuko hiyo. Aliyesoma sehemu zote mbili kwa makini aliona kwamba rafiki akikuongezea mwendo kwa nia njema, dadu mbaya yaweza kukuua pale pale. Wako wasimamizi walioishika kanuni hiyo, na wako walioipita kimya.

Hapo ndipo usawa wa ndugu wawili ulipovunjika, ingawa kitabu kiliendelea kuwaita vinyume. Haraka ilichukua mwaka wa maisha. Pole haikumrudishia mtu ujana wala haikumpa mwaka wa ziada wa kuishi. Kwenye uwanja wa vita zilipimana nguvu na kufutana. Kwenye daftari la umri moja iliandika na nyingine haikufuta. Wala bei yenyewe haikuwa sawa kwa watu wote. Kwa wale viumbe wa hekaya za Ulaya ambao katika mchezo huo huishi zaidi ya miaka 1,000, mwaka mmoja ni tone. Kwa binadamu ni mwaka. Mchezaji aliyempenda mhusika wake, akamlea kwa miezi mingi ya mikutano ya usiku, alijua kwamba kila ushindi wa haraka unamsogeza kaburini. Toleo la mwaka 1989 liliihifadhi bei hiyo. Kwa muda wa zaidi ya miaka 20, basi, Haraka ilikuwa azima inayoogopwa na anayeipokea.

Zamu mbili kwa mtu mmoja

Kampuni ya Wizards of the Coast iliinunua kampuni ya Gygax, TSR, mwaka 1997, miaka mingi baada ya Gygax mwenyewe kuondoka, na mwaka 2000 ikatoa toleo la tatu la mchezo. Saa ya vita ilibadilika. Duru moja, yaani mzunguko mmoja wa zamu za watu wote, ilikuwa imehesabiwa kuwa dakika nzima katika vitabu vya 1978 na 1989. Sasa ikawa sekunde 6. Bei ya mwaka mmoja ilifutwa. Na Haraka haikuwa tena suala la miguu tu: ilimpa aliyetiwa kitendo cha ziada katika kila duru.

Matokeo yake yalionekana upesi. Mchawi aliyejitia Haraka aliweza kutamka azima mbili ndani ya duru moja, ambapo wenzake walikuwa na jambo moja kubwa la kufanya. Mwenye nguvu kuliko wote mezani alipewa zamu mara mbili. Ilikuwa dhahiri sasa kwamba azima hii haigawi kasi, inagawa zamu. Na zamu mezani ni haki ya kusikilizwa. Wapenzi wa malumbano ya mashairi wanalijua hili bila kufundishwa: anayejibu mara mbili kabla mwenzake hajafumbua kinywa hajashinda kwa ufundi, amepora nafasi. Marekebisho ya mwaka 2003 yaliondoa fursa hiyo. Haraka ikarudishwa kwa kundi, ikatoa pigo moja la ziada na nyongeza ndogo za kushambulia na kujikinga, lakini haikumruhusu tena mchawi kutamka mara mbili kwa sababu yake.

Kuhusu kukutana na Pole, toleo hili lilikuwa na uangalifu wa kisheria. Liliweka kanuni ya jumla kwamba azima zenye matokeo yanayopingana hutenda kazi zote, nyongeza na upungufu vikihesabiwa kwa kufuatana. Kisha likasema kwamba ziko azima chache ambazo hutanguana, nazo zimetajwa kwa majina. Haraka na Pole zilikuwa miongoni mwa hizo. Iliwezekana pia kuikata moja kwa nyingine ikiwa bado iko kinywani mwa mchawi wa upande wa pili. Kutanguana, ambako mwaka 1974 kulionekana ndiyo maumbile ya vinyume, kulikuwa sasa kumegeuzwa upendeleo maalumu uliohitaji kuandikwa.

Hesabu badala ya kutanguana

Upendeleo huo ulipoondolewa, kila toleo lilitafuta njia yake. Toleo la nne, la mwaka 2008, liliifanya hali ya kupunguziwa mwendo kuwa tarakimu moja isiyobishaniwa: mwendo wako ni miraba 2, basi. Nyongeza za kasi hazikukusaidia maadamu hali hiyo ingali juu yako. Hapo hapakuwa na mapatano wala hesabu, mzito alishinda.

Toleo la tano, la mwaka 2014, lilichagua kinyume chake. Maelezo ya Haraka hayaitaji Pole, wala ya Pole hayaitaji Haraka. Inabaki kanuni ya jumla kwamba azima mbili tofauti zikiwa juu ya mtu mmoja, matokeo yake hujumlishwa. Chukua askari aendaye futi 30 kwa zamu, mwenye kinga ya 15. Haraka humfikisha futi 60 na kinga ya 17; Pole huigawa 60 kwa nusu na kuondoa 2 katika kinga. Amerudi kwenye 30 na 15, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Lakini kimetokea. Pole humnyima kitendo cha kujibu nje ya zamu yake, na Haraka haina cha kumfidia hapo. Haraka humpa kitendo cha ziada, lakini Pole imesema kwamba katika zamu yake hatapiga zaidi ya pigo moja, hata awe na uwezo gani. Kwa hiyo kitendo kile cha ziada chaweza kumsaidia kukimbia au kujificha, si kupiga mara ya pili. Katika kukwepa hatari, Haraka humrushia dadu mbili achukue iliyo bora, kisha Pole humpunguzia 2. Vinyume viwili vimekutana juu ya mtu mmoja na havikumwacha alivyokuwa. Vimemfanya mtu wa tatu, mwepesi wa kutoroka, mzito wa kupambana.

Na bei ya zamani imerudi kwa sura nyingine. Haraka ya mwaka 2014 hudumu dakika 1 kwa wingi wake, tena kwa sharti kwamba mchawi asipoteze umakini wake. Ikiisha, kwa njia yoyote, aliyekuwa nayo hushikwa na uchovu, asiweze kwenda wala kutenda hadi zamu yake inayofuata ipite. Toleo lililosahihishwa la mwaka 2024 limelihifadhi sharti hilo. Kwa hiyo adui mwerevu hahitaji Pole hata kidogo. Humpiga mchawi, umakini ukavunjika, na askari aliyekuwa anakimbia kuliko wote akasimama kama gogo. Pole ya kweli imo ndani ya Haraka yenyewe.

Mchezo wa Pathfinder, uliochipuka kutoka toleo la tatu, nao ulijibu kwa namna yake katika toleo lake la pili la mwaka 2019. Kila mtu ana vitendo 3 kwa zamu. Haraka huongeza kimoja, ambacho hutumika kwa kutembea au kupiga tu. Pole huondoa kimoja. Anayebeba zote mbili huchagua mwenyewe kitendo gani akipoteze, na kitabu kinamshauri akitoe kile cha Haraka, kwa kuwa kina masharti. Hapo kutanguana kumerejea, lakini si kwa amri ya kitabu. Kumerejea kwa hiari ya mchezaji, kama mtu atoaye sadaka kile alichokipata bila jasho.

Kinachobaki

Mtu aweza kuuliza faida ya hesabu zote hizi kwa jambo ambalo halipo. Faida iko katika kiti cha mchezaji. Mhusika anayepunguziwa mwendo ni wa kubuni, lakini anayekaa kimya wakati wenzake wanatenda ni mtu halisi, aliyetoka nyumbani kwake baada ya kazi, na usiku wake una saa chache. Zamu moja iliyopotea, ambayo ndani ya hadithi ni sekunde 6, mezani yaweza kuwa robo saa ya kungoja. Vilevile zamu ya ziada ya mchawi wa mwaka 2000 haikutoka hewani. Ilitoka katika usiku wa wenzake.

Ndiyo maana historia ya azima hizi si historia ya kuongeza kanuni tu. Mwaka 1974 bei ya kuharakishwa haikuandikwa. Mwaka 1978 ililipwa na mhusika, kwa umri wake. Mwaka 2000 ililipwa na wenzake mezani, bila ya kuulizwa. Tangu 2014 hulipwa na mchezaji mwenyewe aliyeharakishwa, kwa zamu moja ya kukaa mikono mapajani akiwatazama wengine wakicheza. Kati ya bei hizo, hii ya mwisho ndiyo ndogo, na ndiyo pekee inayolipwa na aliyefaidi, kwa sarafu ile ile aliyoikopa.

Kijitabu cha kwanza kiliamini kwamba kinyume kikikutana na kinyume hakibaki kitu. Vitabu vilivyofuata, vikilazimishwa na watu waliokuwa wakibishana juu ya meza, vilikuja kuhesabu kilichobaki: mwaka uliopita, pigo lisilopigwa, kitendo kilichotolewa, na mtu aliyesimama kimya akingoja zamu yake irudi.